Usinunue Kasi: Ushauri kwa Ateli Ndogo Inayotafuta Mashine ya Kupachika Vijenzi

"Mukubwa, njo hii tunataka."

Kijana alinisukumia simu juu ya meza, katikati ya redio iliyofumuliwa na kikombe cha chai. Kwenye video, kichwa cha mashine kilikuwa kinateleza huku na huko, kinashuka juu ya utepe, kinainuka na resista ndogo kama punje ya ulezi, kinaipitisha juu ya kamera, kinaizungusha kidogo, kisha kinaitua kwenye bodi. Tik. Tik. Tik. Muziki ulikuwa wa harakaharaka, na chini kabisa bei: dola 2,900, Shenzhen. Wako wanne, wote wa Luhwindja. Wamekusanya dola 3,200 kwa kutengeneza simu na kufunga sola, naye alikuwa ameshuka hadi kwangu Kadutu, Bukavu, na swali moja tu: pesa itumwe au isitumwe?

Nilimwambia aweke simu mfukoni, anywe chai, halafu anionyeshe bodi yao. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka gari lake lilipokwisha kupanda milima.

Bodi yenyewe ni kidhibiti chaji cha sola: inazuia betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe hadi kufa. Ni kitu cha maana huko kwao. Mgodi wa Twangiza, uliofunguliwa na kampuni ya Banro na kuanza kutoa dhahabu kibiashara mwaka 2012, umo ndani ya Luhwindja, lakini nyumba nyingi zinazouzunguka bado zinaishi kwa paneli moja juu ya bati na betri moja chini ya kitanda. Betri ikifa, familia inarudi kwenye tochi. Vijana hawa wamepata oda ya vidhibiti 200 kwa miezi mitatu. Kila bodi ina vijenzi 42 vya kupachikwa juu, vya aina 19: resista, kapasita, diodi, transista mbili kubwa za kukata mkondo, na aisii moja ya miguu minane inayoamua kila kitu.

Basi tulichukua kalamu. 42 mara 200 ni vijenzi 8,400. Mtu aliyezoea, mwenye kibanio kizuri na mwanga wa kutosha, huweka kijenzi kimoja kwa sekunde nane hivi. Hiyo ni saa 18 na dakika 40. Izidishe mara mbili kwa sababu ya macho kuchoka, chafya, na jirani anayeingia kuuliza kama simu yake imepona: saa 37. Kwa watu wanne ni siku moja ndefu ya kila mmoja, katika miezi mitatu.

Sasa mashine. Wauzaji huandika vijenzi elfu kadhaa kwa saa, lakini kipimo hicho hupigwa kamera ikiwa imezimwa na vijenzi vikiwa vimepangwa karibu kabisa na bodi. Katika kazi ya kweli, kamera ikiwa inakagua na vijenzi vikiwa mchanganyiko, panga 1,000 kwa saa na hutajidanganya sana. Kazi ile ile itachukua saa nane na nusu, na juu yake siku ya kwanza nzima ya kuweka tepe na kuifundisha mashine kila kijenzi kiko wapi. Yaani dola 2,900 zingeokoa takriban siku tatu za kazi ya mtu mmoja. Alinyamaza. Alikuwa amekuja kwa sababu ya kasi, na kasi ndiyo kitu asichokuwa na uhaba nacho.

Kilichokuwa kinawala muda ni kitu kingine, nami nilikijua kabla hajakitaja, kwa kuwa nilikiona kwenye bodi yenyewe. Viungo vya lehemu vilikuwa na vichwa vikubwa upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Walikuwa wanalehemu kila mguu kwa pasi, mmoja mmoja. Hapo ndipo siku zinapoteketea, na mashine ya kupachika haigusi hapo hata kidogo. Yenyewe inaweka vijenzi tu, hailehemu. Watu wengi huijua tofauti hiyo baada ya kulipa.

Kinachofanya kazi hiyo ni stensili: bamba la chuma cha pua, unene wa milimita 0.12 hivi, lenye matundu yaliyokatwa kwa leza sawasawa na mahali pa kulehemu. Unaliweka juu ya bodi, matundu yakakaa juu ya shaba. Unapanga mstari wa lehemu ya uji pembeni, unashika kadi ngumu kwa kuilaza kidogo, unaivuta mara moja, kwa mkono mzito usiotetemeka, kama anayepaka lipu ukutani. Mara moja tu. Ukirudia, uji unasukumwa chini ya bamba na miguu ya aisii inashikana. Kisha unainua stensili wima, bila kuiburuta. Ukitazama kwa lenzi unataka kuona vitofali vidogo vya kijivu vyenye kona kali. Ukiona madimbwi, futa kwa kitambaa chenye spiriti, anza upya. Vijenzi vinawekwa juu ya vitofali hivyo, bodi inapashwa moto, na lehemu yote inayeyuka kwa wakati mmoja. Mtu anayeona jambo hili mara ya kwanza hucheka: kijenzi kilichokaa upande hujivuta chenyewe na kunyooka, kwa sababu lehemu iliyoyeyuka inakikaza pande zote mbili.

Ndani ya uji huo kuna kwetu. Lehemu ya kawaida ya fundi ni asilimia 63 bati na 37 risasi, na bati huchimbwa Nyabibwe, wilayani Kalehe, mwendo wa barabara kutoka hapa. Tantalamu iliyo katika zile kapasita za manjano inatoka kwenye koltani. Tunauza mawe kwa kilo, tunanunua uji kwa gramu. Siendelei na hilo, maana ni makala nyingine na ningekasirika.

Chagueni uji kwa akili, kwani hapa ndipo ubahili hugeuka hasara. Ule wa bati na risasi huyeyuka nyuzi 183 za Selsiasi. Ni mtiifu na unasamehe makosa, ila risasi ni sumu: nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasiingie ateli. Usio na risasi, wenye fedha na shaba kidogo, hutaka nyuzi 217 kwenda juu, kwa hiyo moto mkali zaidi na umeme mwingi zaidi. Kuna wa tatu, bati na bismuthi, unaoyeyuka kwenye 138 tu. Kwa mwenye sola unavutia sana. Lakini ukishaganda ni mkavu, hupasuka ukigongwa. Kwa kifaa kinachotundikwa ukutani sawa. Kwa tochi ya kichwa ya mchimbaji, inayoanguka shimoni kila siku, hapana. Wote huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 10, kwa hiyo friji ndogo ni sehemu ya bei, nayo haihesabiwi kwenye video yoyote.

Vijana wale hawakutuma pesa. Walinunua stensili, kibanio cha kunyonya kilichotengenezwa kwa pampu ya tangi la samaki iliyogeuzwa ivute badala ya kupuliza, na bamba la moto. Dola zilizobaki walizigawa: nusu wakanunua vijenzi, nusu wakaziweka. Na wewe unayesoma, kama bado unalehemu kila mguu kwa pasi, unaweza kuifunga makala hapa, ufanye kama wao, uirudie mwakani.

Lakini siku ya mashine hufika. Mimi ilinifikia, na ninazijua dalili zake. Ya kwanza ni macho. Resista ya saizi ya 0805 ina urefu wa milimita 2, ya 0603 ina 1.6, na hizo mkono unaziweza. Ya 0402 ina milimita moja kwa nusu milimita, ukikohoa imekwenda. Bodi ikianza kudai hizo, au ikivuka vijenzi mia, makosa yanaongezeka kila saa inayopita, na kukarabati kosa kunakula muda kuliko kupachika. Dalili nyingine ni bodi ile ile moja kurudi kila wiki. Mashine hupenda kurudia. Anayetengeneza bodi kumi za aina hii leo na kumi za aina ile kesho atamaliza maisha yake akibadilisha tepe.

Ndiyo maana neno la kwanza kumuuliza muuzaji ni fida, yaani zile nafasi za kushika utepe wa vijenzi na kuusogeza. Kila aina ya kijenzi inataka fida yake. Bodi ya aina 19 kwenye mashine ya fida 15 ina maana kila bodi itapita mara mbili, na kati ya mara hizo mbili wewe ndiye utakayekuwa unahangaika. Hesabu aina zako, ongeza theluthi, hiyo ndiyo idadi unayoitafuta. Halafu angalia upana: utepe wa milimita 8 unabeba vitu vidogo vyote, ila transista kubwa na aisii huja kwenye wa 12 au 16, na fida zake huwa chache.

Kuna njia ya kupunguza mahitaji hayo bila kulipa hata senti, nayo ni kurudi kwenye mchoro wa sakiti. Kwenye bodi ya vijana nilikuta resista za kilo-omu 4.7, 5.1 na 10. Mahali pawili pa hizo hapakuhitaji usahihi wowote. Kilo-omu 10 mbili sambamba zinatoa 5, na inatosha. Tulikaa nusu saa, aina 19 zikawa 13. Ni fida sita zisizonunuliwa, na ni riili sita za utepe zisizolala kabatini. Riili moja ya resista za 0603 huwa na vipande 5,000. Bei yake ni ya kawaida, lakini ukijumlisha riili zote pamoja na za aisii, utakuta mtaji wa vijenzi unakaribia bei ya mashine. Mwenye dola 3,000 hana mashine ya dola 3,000. Ana ya 1,800 hivi.

Sasa zilizopo sokoni. Kundi la kwanza ni za mezani kutoka China, ambazo watu wawili wanaweza kuzibeba. CharmHigh wana CHM-T36VA, yenye nozeli mbili (ncha zinazonyonya vijenzi) na fida 29, na ndugu yake mkubwa CHM-T48VA mwenye 58. NeoDen wana YY1, ya nozeli mbili, na NeoDen4, ya nozeli nne na fida za umeme hadi 48. YY1 na T36VA hucheza kwenye dola 3,000 hivi kabla ya safari. NeoDen4 ikiwa na fida zake inakaribia elfu kumi, nami simshauri mtu ateli yake ya kwanza aiguse. Kwenye CharmHigh utepe huvutwa na sindano iliyo kwenye kichwa chenyewe: inaingia kwenye tundu la utepe, inaukokota milimita 4, huku kimota kidogo kinabandua plastiki ya juu. Ni ufundi rahisi, unauona kwa macho, na kinachoonekana kwa macho hutengenezeka. Ubaya wake uko hapohapo: sindano hukatika, na plastiki ya juu ikichanika mashine inaendelea kuchota hewa.

Zingatieni herufi za mwisho za jina. CHM-T36 bila VA haina kamera. NeoDen TM220A ya zamani nayo haina. Utaziona zikiuzwa kwa bei ya chini, nusu ya nyingine au pungufu, na utashawishika. Mashine isiyo na kamera inaamini tu kwamba kijenzi kimekaa katikati ya nozeli na kwamba bodi haijasogea. Kwa resista za 0805 itajitahidi. Kwa aisii yenye miguu ya kukaribiana itakupa kazi ya kusahihisha kila bodi kwa kibanio, yaani umelipa dola 1,500 ili ubaki pale ulipokuwa. Taka kamera mbili: moja inayotazama chini, kuisoma bodi, na moja inayotazama juu, kukiona kijenzi kikiwa hewani.

Kundi la pili ni za chanzo huria. LumenPnP, ya kampuni ya Opulo ya Marekani iliyoanzishwa na Stephen Hawes, inauzwa kwa karibu dola 2,000 bila fida, na michoro yake yote iko wazi. Inaongozwa na programu ya OpenPnP, iliyoanzishwa na Jason von Nieda, ambayo ni ya bure na inakubali mashine nyingi, hata CharmHigh zilizobadilishwa ubongo. Moyo wangu uko hapa, nakiri. Kipande kikivunjika unakichapisha kwa printa ya 3D, na hata kama huna printa, mwenye nayo yupo Kigali, ambako kuna Fablab tangu 2016. Kwa ateli iliyo juu ya milima, mbali na duka lolote la vipuri, hiyo ina thamani kuliko nozeli ya pili. Lakini nisikupambie: OpenPnP inataka mtu mvumilivu, anayesoma Kiingereza cha kiufundi, na wiki mbili tatu za kurekebisha kabla ya bodi ya kwanza kutoka safi. Kama katika kundi lenu hakuna mtu wa namna hiyo, chukueni ya China.

Kundi la tatu, za kiwandani zilizotumika, kama Juki, Yamaha au Samsung, nalitaja ili nilifunge. Ni mashine bora, na bei yake ya mitumba wakati mwingine inakaribiana na ya mpya za mezani. Zina uzito wa tani moja na zaidi, nyingi zinataka umeme wa fezi tatu na hewa ya kompresa isiyokatika. Anayeijua Barabara ya Taifa namba 2 mwezi wa Novemba, malori yakiwa yamelala kwenye matope kabla hata hujafika Burhale, hahitaji maelezo zaidi.

Kuna jambo moja ambalo hutalikuta kwenye kitabu cha mashine yoyote, kwa kuwa vitabu hivyo huandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari. Mashine yangu ya kwanza, jina naliacha, ilikuwa inatupa resista nzima kwenye kisanduku cha uchafu. Inachukua, inasita, inatupa. Inachukua, inatupa. Kati ya kumi ilikubali nne. Nilibadilisha nozeli, nikasafisha vichujio, nikafungua pampu, nikamwandikia muuzaji, akanitumia pampu nyingine, ikafanya yale yale. Wiki mbili. Mwishowe rafiki aliyewahi kufanya kazi viwandani aliniuliza swali lililonitia haya: "Uko mwinuko gani?"

Nozeli haina mkono. Inatoa hewa ndani yake, na hewa ya nje ndiyo inayokibana kijenzi. Shenzhen, usawa wa bahari, hewa ya nje ina kanieneo la kilopaskali 101. Bukavu, kwenye mita 1,500, ni kama 85. Milima ya Luhwindja hufika mita 2,000 na kupita, na hapo zimebaki 80. Pampu ileile, ikiwa nzima kabisa, inapoteza moja ya tano ya nguvu yake kwa kupandishwa mlima tu. Kwa resista nyepesi haidhuru, bado itashikwa vizuri. Tatizo ni kihisi: programu imeandikiwa kwamba mvuto ukiwa chini ya kiwango fulani basi nozeli haijashika kitu. Huku juu mvuto haufiki kiwango hicho hata ikiwa imeshika, basi mashine inadhani mkono wake mtupu. Nilishusha kiwango kwa robo, ikaacha kutupa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza swali hili kwa maneno haya: je, mtumiaji anaweza kubadilisha kiwango cha mvuto kwa kila nozeli? Jibu likiwa hapana, au muuzaji asipoelewa unauliza nini, tafuta nyingine. Na kwa vijenzi vizito, kama koili kubwa, tumia nozeli pana kuliko inayopendekezwa na upunguze mwendo wa kichwa.

Umeme sasa. Mashine za mezani hazili sana: nyingi ziko chini ya wati 200, na pampu zake zimo ndani. Weka wati 150 za mashine na 60 za kompyuta. Kwa saa nane ni wati-saa 1,680. Betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inakupa 600 hivi bila kuumia. Fanya kazi mchana, paneli zilishe mashine moja kwa moja, betri zibaki za kuziba mawingu. Oveni ni tabia nyingine: zile ndogo za T-962 zinavuta wati 800, ila kwa dakika sita saba tu. Hivyo inverta ipimwe kwa oveni na betri zipimwe kwa mashine, na usiviwashe vyote pamoja. Hata kwa anayetumia umeme wa SNEL hapa mjini, UPS ndogo ni lazima. Umeme ukikatika kichwa kikiwa njiani, mashine inasahau iko wapi, na wewe utabaki unahesabu kwa kidole ni kijenzi cha ngapi kilichowekwa.

Na radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliiweka Kabare, jirani zetu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miali 200 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Mvua ikinguruma, chomoa. Chomoa na waya wa USB pia, na ule wa paneli. Chimbia fimbo ya ardhi mahali palipo na unyevu. Nimeona kompyuta iliyokufa na mashine iliyokufa pamoja kwa sababu ya waya mmoja wa USB ulioachwa.

Kuhusu kununua na kuleta, nitasema kidogo, maana mambo yanabadilika. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua uwanja wa Kavumu. Pesa inazunguka kwa simu na kwa mikono ya wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, mizigo inashuka Dar es Salaam au Kigali, inavuka mto Rusizi. Ushuru ni kiasi gani na nani anautoza, uliza wiki ileile unayotaka kulipa. Usimtumie muuzaji pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu. Pitia soko linalozuia malipo mpaka mzigo ufike. Na weka kwenye sanduku hilohilo la mashine, si la baadaye: nozeli za ziada za saizi mbili ndogo, sindano tatu za utepe, mkanda wa mota, vichujio vya hewa kumi, pampu moja. Kwa pamoja havizidi dola 150. Vikija peke yake baadaye, usafiri utavishinda bei.

Kuna atakayeniuliza: kwa nini bodi zisipachikwe China zenyewe? JLCPCB wa Shenzhen huuza bodi ndogo tano tupu kwa dola 2, usafiri mbali, na watazipachika kwa nyongeza isiyoumiza. Au Nairobi, ambako Gearbox wana laini ya mashine za Europlacer. Kwa oda ya kwanza, kwa bodi ngumu, au kwa kijenzi chenye miguu iliyofichwa tumboni, fanyeni hivyo bila aibu. Mimi bado nafanya. Ila kidhibiti kikirudi kimeungua, anayekijua kila kijenzi kwa sababu alikiweka mwenyewe atakifufua kwa dakika kumi. Aliyekipokea kimefungwa kwenye plastiki atakitupa, na Luhwindja mteja anataka kifufuliwe.

Kabla ya kulipa, mtumie muuzaji faili la bodi yako mwenyewe, umwombe video ya mashine ikiipachika hiyo, si ile ya maonyesho. Wengi watakubali. Tazama video bila sauti. Angalia inatupa mara ngapi, aisii inakaa vipi, na anagusa mara ngapi kwa mkono kabla kamera haijakata.

Mashine ikifika, usiiwashe. Kuna skrubu au vifungo vya plastiki vinavyoshika kichwa wakati wa safari. Ukiwasha vikiwa ndani, mota zinasukuma ukuta na mkanda unaruka meno. Vitoe, uvitunze, maana siku moja mtahama. Sawazisha meza kwa pimamaji, meza nzito, si ile ya plastiki. Funga dirisha la upande wa barabara: vumbi jekundu linalopita kwenye nozeli yenye tundu la nusu milimita halirudi. Na aisii zilizokaa kwenye mifuko iliyofunguliwa msimu wa mvua zikaushwe kwanza, la sivyo unyevu uliomo unachemka ndani ya oveni na kuzipasua tumbo.

Siku ya kwanza usitumie lehemu kabisa. Bandika utepe wa gundi ya pande mbili juu ya bodi moja mbovu, weka resista za bei ya chini kwenye fida mbili, iambie mashine ipachike 100. Kisha chukua lenzi, hesabu zilizokaa sawa. Zikiwa 80, rudi kwenye kamera na kiwango cha mvuto. Zikiwa 95, kagua zile tano zimetoka fida gani. Mara nyingi zote ni za fida moja, na dawa yake ni kuukaza utepe. Zikifika 99, rudia na bodi ya pili, uone kama si bahati. Hapo ndipo utoe uji kwenye friji. Utataka saa nne ukiwa umefungwa, upate joto la chumba, kwani ukifunguliwa ungali baridi unavuta unyevu wa hewa na kutapakaa kwenye oveni. Saa nne ni nyingi. Tengenezeni chai.